Pumwani: Nyumba za Watu, Ardhi ya Serikali

Pumwani ni miongoni mwa mitaa ya mwanzo kabisa iliyotengwa rasmi na halmashauri ya mji wa Nairobi kwa ajili ya makazi ya Waafrika, na sehemu yake kongwe, inayoitwa Majengo, ina umri wa zaidi ya miaka 100. Kwa msomaji wa Kabati, katika Kitui Magharibi, au wa vijiji vya Makueni, mtaa huu uko karibu kuliko ramani inavyoonyesha, kwa kuwa abiria wengi wa Ukambani huteremka katika kituo cha mabasi cha Machakos Country Bus, na kutoka hapo hadi Majengo ni mwendo wa miguu tu, mtu akiwapita wauza mitumba wa Gikomba. Katika eneo hilo dogo wameishi, kwa vizazi kadhaa na mara nyingi chini ya paa moja, Wakamba na Wakikuyu, Wadigo na Wataita, Wanandi, Wamanyema waliotoka mashariki mwa Kongo, Wahaya wa Bukoba, Wanubi wenye asili ya Sudan, Waluo, Waluhya na Wasomali.

Mchanganyiko huo huelezwa mara nyingi kana kwamba ulizaliwa na ukarimu wa wakazi peke yake. Ukarimu ulikuwepo, lakini historia ya mtaa inaonyesha kuwa kilichowaweka watu wa asili nyingi pamoja kilikuwa kwanza utaratibu wa umiliki: mwenyeji aliruhusiwa kujenga nyumba na kuimiliki, huku ardhi iliyobeba nyumba hiyo ikibaki mikononi mwa serikali. Kutokana na utaratibu huo kulitokea biashara ya kupangisha vyumba, tabaka la wenye nyumba ambalo lilikuwa na wanawake wengi, na jamii ya Kiislamu ya mjini iliyompokea mtu bila kumuuliza kwanza kabila lake. Kutokana nao pia kulitokea hofu ya kubomolewa, ambayo haijawahi kuwatoka wakazi wa Majengo hadi leo.

Nairobi yenyewe ilianza kama kambi ya reli. Njia iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika kwenye tambarare hiyo yenye majimaji mwishoni mwa Mei 1899, wakati ambapo Ukambani ulikuwa umekumbwa na njaa kuu ambayo Wakamba waliipa jina la Ngomanisye. Kwa hiyo, miongoni mwa watu wa mwanzo kutafuta riziki kandokando ya reli walikuwemo Wakamba ambao mashamba yao yalikauka na mifugo yao ikafa. Watu hao hawakuwa wageni kwa pwani wala kwa Kiswahili. Nusu karne kabla ya reli, misafara ya Wakamba ilikuwa ikibeba pembe za ndovu kutoka bara hadi Mombasa, na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui, ndiye aliyempokea mmisionari Johann Ludwig Krapf mwaka 1849, mwaka ambao Krapf aliuona Mlima Kenya kutokea Kitui. Mkamba aliyeingia Nairobi ya kwanza na kuwakuta wapagazi wa pwani, makarani wa Kihindi na askari wa Kinubi alikuwa akikutana na dunia ambayo babu yake aliifahamu kwa njia ya biashara.

Pembeni mwa kambi hiyo vilichipuka vijiji ambavyo hakuna mamlaka iliyovipanga. Pangani kilikuwa kikubwa kuliko vyote, na pamoja nacho kulikuwa na Mji wa Mombasa, Maskini, Kaburi na vinginevyo, ambavyo majina yake yanaonyesha wazi waliovianzisha walitoka wapi na waliishi katika hali gani. Nyumba zilikuwa za fito na udongo, zilizojengwa kwa ramani ya nyumba ya Kiswahili: ukumbi mrefu katikati, vyumba vikitazamana pande mbili, na nyuma ua wenye jiko na choo. Mtu aliyejenga nyumba ya namna hiyo angeweza kulala katika chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki, na kwa kuwa reli, hoteli, maduka na nyumba za Wazungu zilihitaji vibarua na watumishi kila siku bila kuwapa wengi wao mahali pa kulala, chumba cha kupanga kilikuwa bidhaa isiyokosa mnunuzi.

Serikali haikuvipenda vijiji hivyo. Tauni iliyozuka mwaka 1902 ilisababisha soko la Wahindi kuteketezwa kwa moto kwa amri ya maofisa wa afya, na milipuko iliyofuata iliimarisha hoja kwamba afya ya mji ilitaka kila rangi ikae peke yake. Profesa W. J. Simpson, mtaalamu wa afya aliyetumwa kuichunguza hali hiyo mwaka 1913, alipendekeza mji ugawanywe kwa misingi ya rangi, na ingawa pendekezo lake lilivaa joho la sayansi, matokeo yake yalikuwa ya kisiasa: Wazungu walibaki na vilima vya magharibi vyenye hewa safi, Wahindi wakawekwa katikati na kaskazini, nao Waafrika wakaelekezwa mashariki ya Mto Nairobi, kwenye udongo mweusi ambao wakati wa masika hugeuka tope zito.

Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilichelewesha mpango huo na wakati huohuo vikaongeza idadi ya watu. Maelfu kwa maelfu ya wanaume wa Afrika Mashariki, Wakamba wakiwa wengi miongoni mwao, walichukuliwa kwa nguvu kuwa wapagazi wa jeshi la Uingereza katika mapigano dhidi ya Wajerumani, na makumi ya maelfu hawakurudi, wengi zaidi wakiuawa na maradhi na njaa kuliko risasi. Kambi yao ya Nairobi ndiyo iliyoacha jina la Kariokor, mahali ambapo leo kuna soko linalojulikana kwa vyondo vya mkonge, na sehemu ya vyondo hivyo husukwa na wanawake wa Kitui na Machakos.

Mwaka 1921 halmashauri ya mji ilianza kupima viwanja katika eneo jipya la Pumwani, na katika miaka miwili iliyofuata wakazi wa Mji wa Mombasa, Maskini na Kaburi walihamishiwa huko baada ya vijiji vyao kubomolewa. Masharti ya kuhama yanastahili kutazamwa kwa karibu, kwani mengi yaliyofuata yalitokana nayo. Mhamiaji alipewa kiwanja kwa leseni, alilipa ada kwa halmashauri, na alijijengea nyumba kwa gharama zake mwenyewe. Nyumba ilikuwa yake, na angeweza kuipangisha, kuiuza au kuirithisha. Kiwanja hakikuwa chake, naye hakuwa na hati yoyote ya kumlinda siku ambayo halmashauri ingekitaka tena. Kwa halmashauri, mpango huo ulikuwa wa bei rahisi mno, kwa sababu iliupata mtaa mzima wa wafanyakazi bila kugharamia kuta wala paa. Wajenzi walikata fito, wakakandika udongo, kisha wakayapasua madebe ya mafuta ya taa, wakayanyoosha kwa nyundo na kuyapigilia misumari juu ya boriti, na paa hizo za madebe yaliyoshika kutu zikawa alama ya Majengo kwa miongo mingi.

Nia ya watawala ilikuwa kuwa na mtaa wa wanaume wasio na familia, wanaofanya kazi mjini kwa muda wakiwa na kipande, yaani kitambulisho cha lazima kilichoning'inizwa shingoni ndani ya kikasha cha bati, na ambao wangerudi katika maeneo yaliyotengewa makabila yao mara kazi inapokwisha. Kwa mtazamo huo, kila Mwafrika alikuwa na kwao kwingine, na mji ulikuwa mahali pa kupita. Majengo iliukaidi mpango huo tangu mwanzo. Waliopewa viwanja wengi walikuwa Waislamu wa mjini ambao hawakuwa na mahali pengine pa kurudi: wazao wa wapagazi wa Kimanyema na Kinyamwezi, watu wa pwani, wanawake waliokimbia ndoa au waliofukuzwa na koo zao, na Wakikuyu na Wakamba waliosilimu wakaanza maisha mapya. Maofisa waliwaita watu waliopoteza kabila, kana kwamba kabila ni mzigo uliodondoka njiani, ilhali wenyewe walikuwa wakijenga jamii yenye misikiti, madrasa, vyama vya kuzikana na sheria za urithi zilizoeleweka na kila mtu.

Nafasi ya wanawake katika ujenzi huo imechunguzwa kwa kina na watafiti wawili ambao kazi zao bado ni msingi wa kuielewa Pumwani, Janet Bujra katika miaka ya 1970 na Luise White katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu Nairobi ya kikoloni. Wote wawili walionyesha kuwa sehemu kubwa ya wenye nyumba wa mwanzo walikuwa wanawake, na kwamba mtaji wa wengi wao ulitokana na kuuza pombe na kuuza huduma za kimwili kwa wanaume ambao sheria na mishahara duni viliwazuia kuja na wake zao. White, aliyewahoji wanawake wazee wa mtaa huo, alieleza kuwa mwanamke aliyepokea wageni chumbani mwake aliuza zaidi ya mwili: mgeni alipata maji ya moto ya kuoga, chai, chakula, na saa chache za kuishi kama mtu mwenye kwake. Fedha hizo zilinunua fito, madebe na kazi ya fundi, na mwanamke ambaye kijijini asingerithi hata kipande cha shamba akawa na nyumba yenye wapangaji.

Swali la nani angeirithi nyumba ya mwanamke asiye na mume wala mtoto lilijibiwa ndani ya Uislamu wa mjini, kwa njia ambayo serikali haikuitarajia. Mwanamke alimchukua msichana, mara nyingine wa kabila tofauti kabisa na lake, akamlea na kumsilimisha, na akamfanya mrithi mbele ya mashahidi. Undugu wa namna hiyo ulithibitishwa pia katika vyama vya ngoma ya lelemama, ambamo wanawake walishindana kwa mavazi na nyimbo, wakasaidiana katika harusi na misiba, na kupeana vyeo vya heshima. Ni vigumu kuupata ushahidi bora kuliko huu kwamba mchanganyiko wa Majengo ulikuwa na taratibu zake, maana mali ilipita kutoka kwa Mnandi hadi kwa Mkikuyu au kutoka kwa Mdigo hadi kwa Mkamba bila mzee yeyote wa ukoo kuitwa.

Watawala waliuzungushia mtaa huo taasisi zao. Jumba la mikutano la Memorial Hall lilijengwa katika miaka ya 1920, kiwanda na baa ya pombe ya halmashauri vikaanzishwa ili pombe ya kienyeji iwe haramu na faida iingie katika mfuko wa mji, na mwaka 1926 ikaanza zahanati ya uzazi iliyopewa jina la Lady Grigg, mke wa gavana, ambayo ndiyo baadaye ikawa Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, mojawapo ya hospitali kubwa za uzazi barani Afrika. Wanairobi wa makabila yote na dini zote wamezaliwa humo, hata wale ambao wazazi wao wasingekubali kuonekana wakipita Majengo usiku.

Pangani kilibaki kimesimama hadi mwishoni mwa miaka ya 1930, kikiwa kimezungukwa na makazi ya Wahindi, na ubomoaji wake wa mwaka 1938 na 1939 ulikuwa somo chungu. Wenye nyumba walihesabiwa, nyumba zao zikathaminiwa, na wakapewa nafasi katika mtaa mpya wa Shauri Moyo uliojengwa na halmashauri karibu na Pumwani, ambako waliwekewa masharti mengi zaidi juu ya mali waliyokuwa nayo. Wapangaji, ambao walikuwa wengi zaidi ya wenye nyumba, hawakupewa chochote. Walijisogeza Pumwani, chumba kilichokuwa cha mtu mmoja au wawili kikalala watu wanne au watano, na kodi ikapanda.

Mwaka huohuo wa 1938 upande huu wa mji ulishuhudia jambo jingine ambalo Wakamba hawajalisahau. Serikali ilipoanza kuwanyang'anya wafugaji wa Machakos ng'ombe kwa hoja kwamba mifugo ilizidi uwezo wa ardhi, maelfu ya wanaume, wanawake na watoto waliokuwa wakiongozwa na Muindi Mbingu walisafiri hadi Nairobi, wakapiga kambi kwa wiki kadhaa wakitaka kuonana na gavana. Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, lakini unyang'anyi wa mifugo ulisitishwa.

Vita Vikuu vya Pili vilileta watu wengi zaidi, na sensa ya mwaka 1948 ilihesabu karibu wakazi 119,000 Nairobi. Halmashauri ilijenga mitaa ya Ziwani, Starehe na Kaloleni kwa ajili ya wafanyakazi waliotakiwa kutulia mjini na familia zao, kwa matofali na bustani, huku Majengo ikiachwa na udongo na madebe yake. Siasa nayo ilipamba moto katika mitaa hiyo ya mashariki. Ilikuwa katika ukumbi wa Kaloleni, Aprili 1950, ambapo Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi mwenye asili ya Punjab, alidai hadharani uhuru kamili wa Afrika Mashariki, na baada ya yeye na kiongozi mwenzake Fred Kubai kukamatwa mwezi uliofuata, mgomo wa jumla ulioanzia upande huu wa mji uliitikisa Nairobi kwa zaidi ya wiki moja.

Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954 askari na polisi wapatao 25,000 waliuzingira mji katika msako uliopewa jina la Anvil, uliolenga kuwang'oa wafuasi wa Mau Mau. Makumi ya maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walipakiwa kwenye malori na kupelekwa kizuizini au kurudishwa vijijini kwa nguvu. Vyumba vyao na kazi zao vikachukuliwa na Wakamba, Waluo na Waluhya, na hapa ndipo idadi ya Wakamba katika mitaa ya mashariki ilipoongezeka kwa kasi. Ukweli huo hausemwi sana katika simulizi za kifamilia za Ukambani, ambako kuhamia Nairobi husimuliwa kama safari ya bidii na bahati, bila kutajwa nani alikuwa amefukuzwa katika chumba hicho.

Wakamba waliokuja walileta ufundi. Uchongaji wa vinyago vya kuuza ulikuwa umeanzishwa Wamunyu na Mutisya Munge, aliyejifunza sanaa hiyo Tanganyika alipokuwa jeshini wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, na kufikia katikati ya karne wachongaji walikuwa wamejipanga Nairobi, kando ya Gikomba, ambako baadaye waliunda chama cha ushirika. Mchongaji huketi chini, gogo la muhuhu au la mpingo likiwa limebanwa katikati ya miguu, akalichonga kwa tezo ndogo hadi shingo ya twiga inapojitokeza, kisha kazi humpitia mwingine wa kupiga msasa na mwingine wa kupaka rangi ya viatu. Hatua chache kutoka hapo, mafundi wa Kamukunji hugonga mabati ya mapipa kutengeneza masanduku, majiko na makarai, nao ni wale ambao Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mwaka 1985 na kuwaahidi vibanda, ziara ambayo iliipa sekta ya jua kali nafasi katika sera za taifa.

Baada ya uhuru vizuizi vya kuingia mjini viliondolewa, na kufikia sensa ya mwaka 1969 Nairobi ilikuwa na zaidi ya watu 509,000. Mipango ya kuijenga Pumwani upya ilitangazwa mara kadhaa. Mtaa wa California, ambao vijana huuita Calif, uliinuka jirani, na katika miaka ya 1980 Shirika la Nyumba la Taifa likaanza kujenga maghorofa mahali palipokuwa na baadhi ya nyumba za kale, mradi ambao ulizua malalamiko ya miaka mingi kuhusu nani alistahili nyumba na kwa bei gani. Wakati huohuo vijiji vipya visivyo na leseni yoyote vilijibana kandokando ya kambi ya jeshi la anga ya Eastleigh, kimojawapo kikijiita Kitui. Eastleigh yenyewe iligeuka kuwa kitovu cha biashara ya Wasomali kuanzia miaka ya 1990, na kodi zake zikasukuma watu wengi zaidi kurudi upande wa Majengo.

Jina la Majengo lilivuka mipaka ya Kenya kwa sababu isiyotarajiwa. Mwaka 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Manitoba, Kanada, wakishirikiana na muuguzi Elizabeth Ngugi, walianza kufuatilia afya ya wanawake waliofanya biashara ya ngono mtaani humo, na wakagundua kuwa wachache wao hawakuambukizwa virusi vya UKIMWI ijapokuwa walikabiliwa navyo kwa miaka. Ugunduzi huo umejaza majarida ya tiba duniani na kuchochea utafiti wa chanjo. Wanawake waliotoa damu yao, wakiwa warithi wa biashara iliyojenga zile nyumba za madebe, waliendelea kuishi katika vyumba vya kupanga.

Serikali sasa inatekeleza mpango wa nyumba za bei nafuu unaogharamiwa kwa makato ya asilimia 1.5 ya mshahara, chini ya sheria iliyopitishwa mwaka 2024, na mitaa ya kale ya Eastlands kama Shauri Moyo imo katika orodha. Wenye nyumba wa Majengo wamekuwa wakidai wapewe hati za ardhi kwanza kabla ya tingatinga kuingia, na dai lao ni la haki, kwa kuwa babu na nyanya zao waliijenga sehemu hiyo ya Nairobi bila shilingi ya halmashauri. Lakini mpango wowote utakaowatambua wenye nyumba peke yao utakuwa umerudia uamuzi wa Pangani wa mwaka 1938, na wanaofanya maamuzi hayo wanapaswa kuanza kazi yao kwa kuorodhesha kila mpangaji, chumba kwa chumba, kabla ya nyumba ya kwanza kubomolewa.